Je, Wajua? Usumbura ilikuwa kambi ya Kombania ya 9

Kabla ya vita vya 1914, jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki lilikuwa na kombania 14, na ya 9 ilikuwa na kambi Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Kombania moja ilikuwa na askari kama 160, waliogawanywa katika platuni tatu. Ilikuwa na bombomu zake, daktari wake na wapagazi wake, kwa hiyo iliweza kupigana peke yake mbali na makao makuu. Napoleon alitumia mpango wa aina hiyo huko Ulaya, ila kwa makumi ya maelfu: kila kori yake, yaani kikosi kikubwa cha jeshi, ilikuwa na askari wa miguu, wapanda farasi na mizinga.

Chini ya maofisa Wazungu, ngazi za askari Waafrika zilikuwa na majina yaliyotoka jeshi la Misri: ombasha, shaush, betshaush, sol. Juu kabisa alikuwa efendi.

Upande wa pili wa vita, Wabelgiji chini ya Jenerali Charles Tombeur walijipanga kwa brigedi mbili, zenye regimenti na batalioni kama majeshi ya Ulaya. Brigedi ya Kaskazini ilikuwa ya Molitor. Ya Kusini aliiongoza Olsen, mzaliwa wa Denmark. Sifa huwaendea majenerali, lakini bila wapagazi wasingefika popote.

Juni 1916 brigedi ya Olsen iliingia Usumbura. Mnamo Septemba 19 mwaka huohuo, Wabelgiji waliiteka Tabora.