Dawa ya Kuongeza Damu: Kwa Nini Mhudumu wa Afya Huuliza Kwanza Ndipo Atoe

Kila Dominika, Misa inapokwisha na waamini wakisalimiana nje ya kanisa, hakosekani mama mwenye ombi lile lile la Dominika iliyopita. Mtoto wake amekuwa mnyonge, viganja vyake vimepauka, hataki kula. Naye anaomba asaidiwe japo chupa moja ya dawa ya kuongeza damu. Anapoelekezwa ampeleke mtoto zahanati akapimwe kwanza malaria na wingi wa damu, uso wake hubadilika. Hujiuliza kimoyomoyo: ikiwa vitamini na madini ni sehemu ya chakula, kwa nini vitolewe kwa masharti kama dawa kali?

Swali hilo ni la haki, nalo linastahili jibu lililo wazi. Katika makala haya tunapenda kuwaeleza waamini mwongozo ambao wahudumu wetu wa afya huufuata wanapotoa vitamini na madini ya nyongeza, na sababu zilizo nyuma ya mwongozo huo. Anayeijua sababu hutii kwa moyo mkunjufu, naye huweza kumweleza jirani yake katika Jumuiya.

Mwili huhitaji vitamini na madini kwa kiasi kidogo sana, lakini kiasi hicho kikikosekana, madhara yake ni makubwa. Njia ya kwanza ya kuvipata ni chakula: mchicha, matembele na kisamvu, maharage na dagaa, maini, mayai, papai, maembe na viazi lishe. Hata hivyo, wapo watu ambao mahitaji yao huzidi kile ambacho sahani ya kila siku inaweza kutoa, hususan wajawazito na watoto wadogo. Kwa ajili yao Shirika la Afya Duniani na Wizara ya Afya wameweka mwongozo wa nyongeza, unaotaja nani apewe, kiasi gani, lini, na nani asipewe. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika mara nyingi, nayo ina historia ambayo ilitokea hapa hapa kwetu.

Fundisho kutoka Pemba

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulifanyika utafiti mkubwa katika kisiwa cha Pemba, mahali ambapo wakati ule malaria ilikuwa imeenea sana. Watafiti walitaka kujua kama kuwapa watoto wote wadogo madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku kungepunguza vifo na maradhi makali. Watoto zaidi ya 24,000, wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 35, waligawanywa katika vikundi: baadhi walipewa chuma na asidi ya foliki, wengine walipewa vitu hivyo pamoja na zinki, na wengine walipewa kidonge kisicho na dawa ili kulinganisha. Nia ilikuwa njema kabisa, kwa maana upungufu wa damu ulikuwa ukiwatesa watoto wengi.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Mwezi Agosti 2003 utoaji wa chuma na asidi ya foliki ulisimamishwa kabla ya wakati uliopangwa. Watoto waliopewa madini hayo walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufariki au kulazwa hospitalini kwa ugonjwa mkali, wakilinganishwa na wale ambao hawakupewa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Utafiti uliofanana na huo uliofanyika nchini Nepal, katika eneo ambalo malaria haikuwa tishio, haukuonyesha madhara ya namna hiyo.

Hata hivyo, fundisho la Pemba halikuishia hapo. Kikundi kidogo cha watoto katika utafiti huo huo kilipimwa damu na kufuatiliwa kwa karibu, na waliougua malaria walitibiwa. Miongoni mwao, wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na upungufu wa damu walinufaika kwa kupewa chuma. Kumbe, dawa ile ile iliyomwinua mtoto mmoja iliweza kumdhuru mwenzake, na tofauti kati yao isingeonekana kwa macho, ilihitaji kipimo. Tangu hapo mwongozo wa kimataifa umesisitiza kwamba, katika maeneo yenye malaria, watoto wapewe chuma pale tu ambapo kuna huduma za kuikinga, kuipima na kuitibu malaria.

Wataalamu wanaeleza kwamba vijidudu vingi vya maradhi huhitaji chuma ili vizaliane. Mwili unaposhambuliwa huficha chuma chake, mfano wa mwenye nyumba anayefunga ghala wezi wakiwa mtaani. Kumpa chuma kingi mtoto mwenye maambukizi ni sawa na kulifungua ghala hilo usiku.

Isitoshe, si kila upungufu wa damu husababishwa na ukosefu wa chuma. Mtoto anaweza kupauka kwa sababu ya malaria, minyoo ya safura, kichocho au selimundu. Mtoto mwenye selimundu, ambaye chembe zake za damu huvunjika upesi, huhitaji asidi ya foliki; chuma hapewi mpaka vipimo vithibitishe kwamba amepungukiwa nacho. Vivyo hivyo mtoto mwenye utapiamlo mkali hapewi chuma katika siku za mwanzo za matibabu, ingawa kwa macho yetu yeye ndiye anayeonekana kukihitaji kuliko wote. Chakula cha dawa anacholishwa hospitalini kimepangwa hatua kwa hatua kwa kuzingatia jambo hilo.

Vidonge vya mama mjamzito

Kwa mama mjamzito mwongozo ni mwingine. Yeye hutakiwa kumeza kila siku, katika kipindi chote cha ujauzito, kidonge chenye miligramu 30 hadi 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Akina mama wengi huvijua vidonge hivyo kwa jina la FEFO. Chuma humkinga na upungufu wa damu, ambao huongeza hatari ya kupoteza maisha endapo atatokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Asidi ya foliki husaidia kumkinga mtoto na ulemavu wa mgongo wazi. Kwa kuwa uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, yaani kabla mama wengi hawajatambua kwamba ni wajawazito, inafaa wanandoa wanaotarajia kupata mtoto wafike kliniki mapema. Mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye ulemavu huo amweleze daktari, maana yeye hupangiwa kiasi kikubwa zaidi.

Hapa pia kiasi kina uzito wake. Mjamzito katika maeneo yenye malaria hupewa dawa ya SP kama kinga. Asidi ya foliki ikifika miligramu 5 kwa siku huidhoofisha SP, ilhali mikrogramu 400 haziizuii kufanya kazi. Ndiyo maana mkunga huuliza, "Mama, kuna vidonge vingine unavyotumia nyumbani?" Tunawasihi akina mama wasifiche. Mama anayenunua vidonge vya foliki dukani bila ushauri anaweza kuivunja kinga ya mtoto wake dhidi ya malaria huku akidhani anaiongeza.

Wengi huacha FEFO kwa sababu ya kichefuchefu, kufunga choo au choo kuwa cheusi. Choo cheusi kwa anayemeza chuma ni jambo la kawaida. Kichefuchefu hupungua akimeza baada ya chakula cha jioni, kabla ya kulala. Chai na kahawa huzuia chuma kisinyonywe vizuri, hivyo zisinywewe pamoja na kidonge. Chungwa au maji ya limau husaidia. Na vidonge hivyo viwekwe mbali kabisa na watoto, kwa kuwa mtoto mdogo akivimeza kwa wingi, akidhani ni pipi, anaweza kupoteza maisha.

Matone, zinki na madini joto

Matone ya vitamini A hutolewa kwa watoto kuanzia miezi 6 hadi 59. Mwenye miezi 6 hadi 11 hupewa yuniti 100,000, na kuanzia mwaka mmoja hupewa yuniti 200,000 kila baada ya miezi sita. Hapa Tanzania kampeni zake hufanyika mwezi Juni na Desemba, sanjari na dawa za minyoo. Vitamini hii huyalinda macho na kuimarisha kinga. Mtoto mwenye surua hupewa dozi siku mbili mfululizo kama sehemu ya matibabu. Kwa kuwa mwili huitunza vitamini A kwenye ini kwa muda mrefu, mtoto aliyepata dozi yake hapaswi kupelekwa kituo cha pili "aongezewe". Kadi ya kliniki ndiyo shahidi, nayo isiachwe nyumbani. Mjamzito asipewe kamwe dozi hizo kubwa, kwani zinaweza kumletea ulemavu mtoto aliye tumboni.

Mtoto anayeharisha hupewa zinki pamoja na maji ya ORS: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Wazazi wengi huacha siku ya tatu, kuhara kunapokoma. Tunawaomba wamalize dozi, kwa sababu zinki inayomezwa baada ya kuhara kukoma humkinga mtoto asiharishe tena katika miezi inayofuata.

Madini joto, kwa upande wake, hutufikia sote kwa njia ya chumvi. Humkinga mama na mtoto na uvimbe wa tezi shingoni, na husaidia ubongo wa mtoto ukue vema. Chumvi ihifadhiwe kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Kununua chumvi yenye madini joto hakumaanishi kula chumvi nyingi. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai.

Maswali ya upendo

Wapendwa, baada ya kuyasikia hayo tunaweza kuyatazama kwa jicho jingine maswali ya mhudumu wa afya. Anapouliza umri wa mtoto, anatafuta kiasi kinachomfaa. Anapouliza kama ana homa, anakumbuka malaria. Anapouliza kama kuna mwenye selimundu katika ukoo, hachimbui siri za familia, anamlinda mtoto. Anapoomba kadi, anahakikisha hatoi dozi mara mbili. Nanyi wahudumu wa afya mnaosali pamoja nasi, tunawaomba msichoke kuuliza na msichoke kueleza. Mama anayejibiwa kwa mkato huondoka na hasira, na njiani huingia duka la dawa akanunua kile mlichomkatalia.

Lipo pia jambo linalozihusu parokia zetu moja kwa moja. Vikundi vyetu, WAWATA, Karitas na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, hujitoa kwa moyo mkubwa kuwasaidia wagonjwa, hasa nyakati za Kwaresima na katika Siku ya Wagonjwa Duniani, tarehe 11 Februari. Mara nyingine katika zawadi hizo huwamo chupa za dawa ya kuongeza damu na makopo ya vitamini, zikagawiwa kwa kila mtoto aliyepo. Tunaishukuru nia hiyo, lakini tunaomba utaratibu ubadilike. Vitamini na madini yote yanayotolewa kama sadaka yapelekwe zahanati, yakaguliwe tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha yatolewe na mhudumu kwa anayeyahitaji. Kikundi kinachotaka kusaidia zaidi kinaweza kulipia vipimo vya mtoto ambaye mzazi wake hana uwezo, kugharimia nauli ya mjamzito aishiye mbali na kliniki, kununua vyandarua, au kuanzisha bustani ya mboga katika kigango.

Tumkumbuke Msamaria Mwema. Aliyafunga majeraha ya yule mtu kwa kile alichokuwa nacho, lakini hakuishia hapo: alimfikisha mahali pa kutunzwa, akamkabidhi kwa mwenye nyumba na kulipa gharama. Yule mama wa Dominika hahitaji tu kuelekezwa zahanati kwa kidole. Anahitaji mmoja wetu atakayesema, "Mama, twende wote, kipimo nitakulipia." Wakirudi na dawa iliyo sahihi, mtoto atapona, na wakiambiwa kwamba leo hahitaji chuma bali matibabu ya malaria, watakuwa wameyaokoa maisha ambayo chupa ya msaada ingeyaweka hatarini.