Saa 72 Kabla ya Ndege

Katika mitaa ya Mchafukoge, Dar es Salaam, kati ya Mnara wa Saa na viwanja vya Mnazi Mmoja, ofisi za mawakala wa tiketi zimebanana na maduka ya vitambaa, vipuri na vifaa vya umeme. Ni ofisi ndogo: kaunta moja, kompyuta mbili, feni, na viti vichache vya wateja. Mteja wao wa kila siku ni mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou, Dubai au Istanbul. Kuanzia mwaka 2020 hadi 2022 ofisi hizo zilibebeshwa kazi ambayo hakuna aliyewafundisha, nayo ni kumpangia msafiri kipimo cha Uviko-19. Mteja akiingia hakuanza tena na bei ya tiketi wala kilo za mzigo. Aliuliza kwanza, "Nipime lini?"

Swali hilo ni jepesi mpaka ukae na kalamu. Kila nchi ilikuwa na hesabu yake. Marekani, kuanzia tarehe 26 Januari 2021, ilihesabu siku badala ya saa: kipimo kisiwe cha zaidi ya siku tatu kabla ya kuondoka, na kipimo cha haraka cha antijeni kilikubalika sawa na kipimo cha maabara cha PCR. Tarehe 6 Desemba mwaka huo siku tatu zikawa moja, na tarehe 12 Juni 2022 sharti lote likafutwa. Kwa Falme za Kiarabu kipimo cha haraka cha antijeni hakikufua dafu. Walitaka PCR, na saa walianza kuzihesabu pale sampuli ilipochukuliwa. China ilitaka zaidi: kipimo cha njia ya pua au koo pamoja na cha damu, kisha ruhusa ya kiafya kutoka ubalozini. Wakala wa Mchafukoge alipaswa kuyajua yote hayo, na kuyajua upya kila wiki, kwa sababu masharti yalibadilika mteja akiwa tayari amelipa.

Tuchukue mfano. Ndege inaondoka Jumapili saa 11 jioni, na nchi anayokwenda mteja inataka PCR ya ndani ya saa 72. Ukirudi nyuma unaangukia Alhamisi saa 11 jioni. Aliyepimwa Alhamisi saa 4 asubuhi amewahi mno. Ndege ikiruka cheti chake kitakuwa na umri wa saa 79, na kaunta ya uwanjani haimpokei. Anayesubiri Jumamosi yumo ndani ya muda, lakini majibu yakichelewa siku moja tu ndege inamwacha. Nafasi yake ya kweli ni Ijumaa asubuhi, basi. Na hapo hatujaweka sikukuu, foleni, wala mtandao kukatika.

Kulikuwa na mtego mwingine ambao wageni wasingeweza kuufikiria. Cheti kiliandika saa kwa mtindo wa kompyuta. Mtu akisoma 10:20 akaielewa kuwa saa kumi na dakika ishirini jioni, kumbe ni saa nne na dakika ishirini asubuhi, ameshapoteza saa sita za hesabu yake. Nilimwona wakala mmoja akigeuza tiketi ya mteja na kuandika nyuma yake kwa kalamu nyekundu, kwa Kiswahili cha kawaida: siku ya kupima, saa ya kuchukua majibu, saa ya kutoka nyumbani kwenda uwanjani. Kisha akamsomesha mteja mistari hiyo kwa sauti kabla ya kumwachia. Kazi ile ilikuwa huduma ya afya, ingawa hakuna aliyeilipia wala kuiita hivyo.

Utaratibu wenyewe ulianzia kwenye mfumo wa Wizara ya Afya mtandaoni. Msafiri alijaza jina na namba ya pasipoti, akapewa kontro namba, akalipia benki au kwa simu, akaenda kuchukuliwa sampuli kwenye hospitali iliyoteuliwa. Sampuli zilikwenda Maabara Kuu ya Taifa, na cheti kikarudi kwa barua pepe. Kwa anayeishi na kompyuta mezani hilo ni jambo la dakika chache. Kwa mama anayeuza madera Kariakoo, ambaye biashara yake yote imo kwenye daftari na simu ndogo, barua pepe ilikuwa ya wakala. Herufi moja ya jina ikitofautiana na pasipoti, cheti hakina kazi. Ndiyo maana mawakala wazuri walikataa kujaza fomu kwa jina la kusikia. Walitaka pasipoti yenyewe iwe mezani.

Sasa mfikirie msafiri wa miaka hiyo anayemaliza safari ya meli ya kitalii. Hesabu yake ni ngumu kuliko ya mfanyabiashara, kwa sababu saa zinazohesabiwa anazimaliza baharini. Meli inatia nanga Zanzibar au Dar es Salaam asubuhi, ndege ya kumrudisha kwao inaondoka kesho yake, na mjini hamjui mtu. Daktari wa meli anaweza kumpima, lakini shirika la ndege litatazama kama karatasi inaonyesha aina ya kipimo, jina la maabara, tarehe ya sampuli na utambulisho wa msafiri. Pasipo hayo, kupimwa kwake ni sawa na kutopimwa. Mtu wa namna hiyo hawezi kuanza kutafuta maabara akiwa na masanduku gatini. Miadi inapaswa kuwekwa kabla hajapanda meli, na ndege ya kurudi ichaguliwe kwa kutazama muda wa majibu. Kulala bandarini usiku mmoja wa ziada ni nafuu kuliko tiketi mpya.

Historia ya karibuni ina mifano inayouma. Tarehe 3 Februari 2020 meli ya Diamond Princess ilirudi Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Walifungiwa humo, na mwishowe zaidi ya 700 walikutwa na maambukizi. Marekani ilipopeleka ndege kuwachukua raia wake, zaidi ya 300 walitolewa melini na kupandishwa mabasi kwenda uwanja wa Haneda. Wakiwa njiani majibu ya baadhi yao yakafika: watu 14 walikuwa na virusi. Ilibidi uamuzi utolewe mabasi yakiwa yameshaondoka, na waliokutwa na virusi wakasafirishwa ndege moja na wenzao, wametengwa kwa pazia la plastiki. Mwezi huohuo meli ya Westerdam ilikataliwa bandari moja baada ya nyingine, hadi Kambodia ilipoikubali Sihanoukville. Abiria wakashuka kwa furaha. Mmoja wao, mama wa miaka 83, akapimwa Kuala Lumpur akiwa anabadilisha ndege, akaambiwa anavyo virusi, na nchi kadhaa zikaanza kuwasaka abiria waliokwisha kutawanyika. Baadaye ilibainika kwamba hakuwa navyo.

Karibu zaidi na pwani yetu, Februari 2024, meli ya Norwegian Dawn iliyotoka Cape Town ilizuiwa kuingia Port Louis, Mauritius, kwa hofu ya kipindupindu baada ya abiria wachache kuumwa tumbo. Uviko haukuhusika, na dharura yake ya kimataifa ilikuwa imeshatangazwa kwisha tarehe 5 Mei 2023. Hata hivyo watu waliotakiwa kushuka na kuwahi ndege walisubiri siku mbili hivi, hadi sampuli ziliporudi safi. Anayedhani mambo ya vipimo yalikwisha na Uviko aiangalie meli ile.

Katika visa vyote hivyo jambo moja linajirudia, nalo ndilo linalonisukuma kuandika. Kipimo cha safari kina thamani mbili: ya kitabibu, na ile inayotokana na imani waliyonayo wengine kwa maabara iliyokitoa. Msafiri anaweza kuitafuta ya kwanza kwa fedha zake. Ya pili hana uwezo nayo. Anayeijenga au kuibomoa ni serikali yake.

Sisi tulijifunza hilo kwa gharama. Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 16 Machi 2020. Mwanzoni mwa Mei Rais Magufuli alitilia shaka hadharani vipimo vya Maabara Kuu ya Taifa, akieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilitoa majibu ya kuwa na virusi. Mkurugenzi wa maabara akasimamishwa kazi, na takwimu zikaacha kutangazwa, hesabu ikiwa imesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Ikawa maabara ileile ambayo mkuu wa nchi ameitilia shaka ndiyo inayompa mfanyabiashara cheti cha kumwonyesha ofisa wa Dubai au Muscat. Februari 2021 Waziri wa Afya wa Oman alisema asilimia 18 ya abiria waliowasili kutoka Tanzania walikutwa na maambukizi. Siku chache baadaye Oman ikaiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi kumi ambazo abiria wake hawaruhusiwi kuingia. Kwa familia za Waswahili zilizogawanyika kati ya Unguja na Muscat, huko kulikuwa kufungiwa mlango wa nyumbani kwao. Wazazi, harusi na mazishi vilikuwa upande wa pili.

Mwaka 2021, chini ya Rais Samia, hatua zilianza kurekebishwa: kamati ya wataalamu ikaundwa, takwimu zikarudi, chanjo zikaja. Lakini imani hairudi kwa kasi iliyoondoka nayo. Desemba 25 mwaka huo Falme za Kiarabu zilisimamisha abiria kutoka Tanzania, Kenya, Ethiopia na Nigeria, na mlango haukufunguliwa hadi Januari 29, 2022. Waliokuwa na cheti safi na waliokuwa hawana wakabaki sawasawa.

Kuna upande wa fedha pia, na hapa sitaki kupita haraka. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo nchi zetu zimezikubali, zina ibara ya 40. Inasema kwamba nchi haitamtoza msafiri asiyehamia moja kwa moja au kwa muda gharama za uchunguzi inaoutaka yenyewe ili kujua hali ya afya yake. Mei 2021, tulipoanza kuwapima kwa kipimo cha haraka baadhi ya wanaoingia nchini, kila mmoja alitakiwa kulipa dola 25. Hatukuwa peke yetu. Nchi nyingi, tajiri na maskini, ziliiweka kando ibara hiyo kana kwamba haikuandikwa. Mtalii aliyelipia meli kwa maelfu ya dola pengine hakuisikia fedha hiyo. Mchuuzi wa Kariakoo aliyekwenda kununua mabegi mawili ya nguo aliisikia, kwa sababu faida yake yote imo ndani ya kiasi kama hicho. Kwake, kipimo cha kwenda na cha kurudi kilikuwa kodi ya pili ya forodha.

Mji huu una kumbukumbu ndefu ya afya kutumiwa kupanga nani apite na nani abaki. Wajerumani waliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu za ujenzi, na chini ya Waingereza Mnazi Mmoja ikaachwa wazi kati ya Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya biashara ya Wahindi, kwa hoja ya kuzuia magonjwa. Sisemi kipimo cha PCR ni kitu kilekile. Kipimo kinachofanywa sawasawa huokoa maisha, na ningependa apimwe kila anayestahili. Ninachosema ni kwamba hoja ya afya ikibebwa bila haki, anayeumia ni yuleyule wa upande wa Kariakoo.

Mambo hayajakwisha. Anayepitia Mombasa kuja Zanzibar kwa meli bado anaweza kuulizwa cheti cha homa ya manjano, na cheti hicho huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya chanjo. Kuchanjwa siku ya kupanda meli hakumsaidii. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 chanjo moja inatosha maisha yote. Homa ya Marburg ilitangazwa Kagera Machi 2023, ikarudi mkoa huohuo Januari 2025, katika wilaya ya Biharamulo. Mara zote mbili ilidhibitiwa, na kupatikana kwa majibu ya maabara humuhumu nchini kulikuwa sehemu ya kuidhibiti. Ugonjwa mwingine ukija utawakuta watu wakiwa safarini, kama kawaida.

Ningependa ugonjwa huo uukute mfumo ulio tayari. Bandari ya Malindi ya Zanzibar, bandari ya Dar es Salaam na uwanja wa Julius Nyerere ziwe na orodha moja inayobandikwa na kusasishwa: kipimo gani kinapatikana wapi, kwa bei gani, na majibu ndani ya saa ngapi, pamoja na zamu ya Jumamosi na Jumapili. Maabara ikichelewesha majibu na msafiri akaachwa na ndege, kipimo cha pili kiwe bure. Mawakala wa Mchafukoge waitwe wafundishwe masharti mapya kabla hayajaanza kutumika, kwa kuwa wao ndio wanaowafikia wasafiri kwanza. Marekebisho ya Kanuni za Afya za Kimataifa yaliyopitishwa Juni 2024 na kuanza kutumika tarehe 19 Septemba 2025 yanaruhusu nyaraka za afya ziwe za kidijitali au za karatasi. Serikali itakapotengeneza mfumo wake mpya, mama wa madera apewe karatasi yake mkononi, yenye jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti na saa ya sampuli iliyoandikwa kwa namna anayoielewa yeye na ofisa wa Dubai pia.