Usilipie mimea hai ya nje kabla hujasoma hii

Ndugu wauzaji, mimi nauza maua mtandaoni hapa Mtwara. Wateja waliniulizia sana ule mmea unaokula nzi, wenye majani yanayofunga kama mdomo. Nikapokea hela zao, nikaagiza miche 20 nje, nikalipa yote. Mzigo ukakwama njiani kwa kukosa karatasi. Kuja kufunguliwa, miche imeoza. Hela za watu nikarudisha kutoka mfukoni.

Nilianza mwisho. Kibali cha kuingiza mimea unaomba kwanza TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea. Ukishakipata, mtumie muuzaji nakala, naye apeleke miche kwa wakaguzi wa kwao apewe cheti cha afya ya mimea. Akikwambia hakijui hicho cheti, mkimbie. Mmea huu pia umo kwenye mkataba wa CITES, hivyo anatakiwa na kibali cha kuutoa nchini kwake. Mizizi ioshwe, isije na udongo. Na wewe unayevusha miche Ruvuma kwenda Msumbiji, ule nao ni mpaka!

Halafu joto letu. Kwao ni Carolina, Marekani, unataka miezi ya baridi upumzike. Pwani hautadumu. Bora Nepenthes za nyanda za chini, zile zenye vikombe (nazo zimo CITES), na umwagilie maji ya mvua, siyo ya kisima chenye chumvi.

Safari hii naanza na mitatu. Hela ya mteja sipokei mpaka nishike kibali mkononi.