Bolti za Gari la Kikundi: Tuzikague Mapema



Huku kwetu ziwani, kutoka Kendu Bay mpaka Usenge, Land Rover kuukuu bado ni tegemeo: inabeba samaki, saruji ya mradi wa maji, na watu pia. Gari lenyewe ni gumu, lakini bolti zake zinachoka. Gurudumu likichomoka gari likiwa limejaa watu, kikundi kitakaa matanga. Basi leo tuzungumze juu ya bolti.

BOLTI INASHIKAJE?

Ukikaza nati, bolti inavutika kidogo sana, kama kamba ya mashua iliyokazwa. Mvuto huo ndio unaobana rimu kwenye habu. Nati ikilegea, rimu inaanza kucheza, na bolti inakunjwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka. Wewe mwenyewe umewahi kukata waya kwa kuukunja hivyo. Bolti nayo hukatika vilevile.

DALILI ZA HATARI

1. Michirizi ya kutu inatoka chini ya nati.
2. Tundu za rimu zimetanuka, zina umbo la yai.
3. Meno ya bolti yamelika, au nati inaingia ikiyumba.

Ukiona moja tu, usidanganye kwa kuongeza washa, wala usichomelee nati. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa bolti. Na bolti moja ikikatika, badilisha zote tano za gurudumu hilo, kwa sababu zile nne zilikuwa zinabeba mzigo wa mwenzao. Rimu yenye tundu za yai nayo isirudishwe.

KUNUNUA

Ukienda Kibuye au kwenye maduka ya spea Kisumu mjini, beba bolti ya zamani mkononi, kisha usome kichwa cha ile mpya. Bolti ya milimita 10 yenye alama 4.6 hukatika ikivutwa kwa uzito wa tani 2 na kidogo. Yenye 8.8, unene uleule, hufika tani 4 na nusu hivi. Kwa springi na chesisi usikubali iliyo chini ya 8.8, na kama ya zamani ina namba kubwa zaidi, fuata hiyo. Isiyo na alama yoyote, wacha ifunge geti.

Bolti za gurudumu ziwe zile zilizotengenezwa kwa gari hilo, si za kukatwa kutoka kwa nondo. Land Rover za zamani zina bolti za inchi 9/16. Za miaka ya 1980 na baadaye zina milimita 16. Nati zake haziingiliani. Mkitaka kuhamia zile nene, fundi aweke habu nzima ya gari la baadaye, na ahakikishe rimu na nati zinalingana nayo.

KUKAZA

Safisha meno kwa brashi ya waya. Anza nati kwa mkono, kisha kaza kwa kurukaruka kama unayechora nyota, si kwa kuzunguka. Teremsha jeki, ndipo umalizie. Kwa spana ya nusu mita, nguvu inayotosha ni kama uzito wa jerikani ya lita 20 iliyojaa maji, na kidogo zaidi. Usiongeze paipu wala usirukie spana kwa miguu: hapo bolti inavutika kupita kiasi na kuharibika.

Baada ya kilomita 50, simama ukaze tena. Ukitoka Kisumu, ni kabla hujafika Bondo.

Mweka hazina asione bolti kuwa gharama ndogo ya kuahirishwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

YA KUJADILIANA

- Nani hukagua nati za gari letu kila asubuhi, na anaandika wapi?
- Dereva akisema gari lisitoke, je, tutamsikiliza hata siku ya soko?