Watu 64 na helikopta moja

Yaya, ndugu yangu mkubwa, alirudi toka Ubelgiji na Commodore 64 ndani ya sanduku, ameizungushia blanketi kama mtoto mchanga. Tukaiunga kwenye televisheni ya sebuleni, hapa Kamalondo, Lubumbashi, na watoto wa avenue nzima wakakaa chini kwenye simenti. Mchezo wa kwanza kutuonyesha ulikuwa Choplifter.

Uliandikwa na Mmarekani Dan Gorlin kwenye Apple II aliyoazimwa na babu yake, ukatolewa na Brøderbund mwaka 1982. Unapaa kutoka kituo kilichofichwa katika jengo la posta, unavuka mpaka, na mbele kuna mateka 64 ndani ya nyumba nne, 16 kila moja. Helikopta inabeba 16 tu, basi hata rubani hodari ataenda na kurudi mara nne. Vifaru vinakungoja, ukirudi tena, ndege za kivita nazo zimefika. Ajabu yake ni kwamba kulipua kifaru hakukupi hata pointi moja. Juu ya skrini kuna hesabu tatu: waliokufa, waliomo ndani, waliofika.

Kazi iko kwenye kutua. Vijitu vyembamba kama njiti za kibiriti vinakimbia vikipunga mikono, nawe ukishuka vibaya unavikanyaga.

“Leki, polepole! Unafinya watu!” yaya alikuwa akinipigia kelele, mimi mdogo wake.

Wamarekani mchezo huo uliwakumbusha mateka wao wa Tehran, walioachiwa Januari 1981. Sisi ulitupeleka Kolwezi. Mei 1978 waasi waliuteka mji ule, na askari wa Légion étrangère ya Ufaransa wakashuka kwa miavuli tarehe 19. Walikufa watu kwa mamia, Waafrika na Wazungu. Mjomba alikuwa huko. Jioni moja alisimama nyuma yetu, akatazama kimya, kisha akauliza:

“Hawa wanaokimbilia ndege, mpishi wao wamemwacha wapi?”

Wazungu walisafirishwa kwa ndege. Yeye alitoka kwa miguu, kupitia porini.

Siku niliyocheza vizuri kuliko zote nilikuwa nimefikisha 48, na 16 wa mwisho wako ndani, posta inaonekana kabisa. Umeme ukakatika. Uliporudi, skrini ilikuwa ya buluu, haina mtu hata mmoja, na mjomba alicheka mpaka akashika ukuta.