Pumzi ya Rajkumar

Sikukuu ya Ganesha ikifika katika jimbo la Karnataka, kusini mwa India, na tena tarehe 1 Novemba watu wanapoadhimisha kuundwa kwa jimbo lao, majukwaa husimamishwa mitaani na vijijini. Bendi hupiga nyimbo za filamu za Kikannada, kisha hutokea mtu aliyevaa kama nyota aliyekwisha fariki. Humwita Junior: Junior Rajkumar, Junior Vishnuvardhan, Junior Ambareesh.

Kila nyota ana mlango wake wa kuingilia. Vishnuvardhan huanzia mkononi. Bangili yake nene ikionekana tu, mbinja zinapigwa kabla mwigaji hajafungua kinywa. Ambareesh huanzia kooni, kwa ile sauti yenye mikwaruzo. Waigaji wengi humpenda zaidi wa filamu ya Antha, ya 1981, alipocheza askari polisi anayejifanya jambazi aliyefanana naye sura. Hapo mwigaji anamwiga mtu ambaye mwenyewe yumo katika kuiga, na asipoonyesha yule askari aliyejificha chini ya jambazi, amebaki na makelele matupu.

Mtihani wenyewe ni Rajkumar. Alizaliwa 1929, mtoto wa mwigizaji wa jukwaani, akakulia katika kundi la maigizo la Gubbi Veeranna kabla ya kupata nafasi ya kwanza ya mhusika mkuu katika Bedara Kannappa, 1954. Jukwaa lile lilimfundisha kutamka. Kikannada kina konsonanti za kawaida na zile zinazosindikizwa na pumzi, hasa katika maneno yenye asili ya Kisanskriti. Msomaji wa Mombasa au Lamu, ambaye husikia kwa pumzi tofauti ya paa la nyumba na paa wa porini, ataelewa mara moja. Rajkumar hakuipoteza pumzi hiyo hata katika hotuba ndefu za wafalme, na mwigaji anayeimeza hugunduliwa na bibi aliyekaa safu ya nyuma kabisa.

Halafu kuna kuimba. Katika filamu za India mwigizaji kwa kawaida hufumbua midomo tu, na mwimbaji mwingine ndiye anayesikika. Kwa miaka mingi sauti ya nyimbo za Rajkumar ilikuwa ya P. B. Sreenivas. Mwaka 1974, katika Sampathige Savaal, Rajkumar aliimba mwenyewe, na tangu hapo akaendelea. Baadaye akapata tuzo ya taifa ya uimbaji. Kwa hiyo anayemwiga Rajkumar wa miaka ya sitini anahitaji makoo mawili, moja la kusema na jingine la kuimba. Anayemwiga wa miaka ya themanini hana pa kujificha: sauti ni ileile moja, na lazima itoke kwenye maneno iingie kwenye wimbo bila mshono. Kwangu mimi, huu ndio ustadi mgumu kuliko wote katika fani hii.

Waliobobea huufungua mchezo kwa namna Rajkumar mwenyewe alivyowaamkia watu, viganja vimekutana kifuani, akiwaita mashabiki wake miungu. Husemwa kwa sauti ya chini, bila haraka. Anayepaza sauti hapo ili apigiwe makofi hajamsikiliza.