WARIDI LA JANGWA: UA LINALOCHEKA KIANGAZI

Mpenzi msomaji, ikiwa kwenu ni Runyenjes au Nkubu, umezoea kuona chai, kahawa na migomba ya kijani kibichi mwaka mzima. Lakini hebu panda matatu mwezi wa Septemba, uteremke kutoka Embu mjini, upite Siakago na Ishiara, uvuke mto Thuci na kushika njia ya Marimanti kule Tharaka. Miti imekauka, mbuzi wanatafuta jani hawalioni. Mara, kando ya mwamba, unakiona kichaka kifupi kisicho na majani, lakini kimejaa maua ya rangi ya waridi! Hilo ndilo waridi la jangwa.

Je, maji linayatoa wapi? Tazama shina lake. Chini limevimba kama chupa. Mvua inaponyesha, mmea huu huyaweka maji humo. Jua likizidi, unaangusha majani, kwa sababu majani ndiyo yanayopoteza maji mengi. Basi unaishi kwa akiba yake na kuchanua wakati mimea mingine imelala.

Wataalamu wanauita Adenium obesum. Neno la kwanza linatokana na Aden, mji wa Yemen, na la pili maana yake ni nene. Maelezo yake ya kwanza ya kisayansi yaliandikwa na Peter Forsskål na kuchapishwa mwaka wa 1775, ilhali yeye mwenyewe alikuwa amefariki huko Yemen mwaka wa 1763.

Lakini wahenga hawakukosea waliposema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Utomvu wa mmea huu ni sumu inayoshambulia moyo. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, huuchemsha wakapata sumu ya kupaka mishale ya kuwindia. Kwa hivyo wewe unayechunga mbuzi wakati wa likizo, usiuvunje kwa mchezo, wala usimwache mdogo wako atafune ua lake. Ukishika utomvu, nawa mikono. Mtu akiumeza, apelekwe hospitali mara moja, asingojee ati mpaka atapike.

Sasa liko jambo linalonisikitisha. Watu wanaipenda mimea hii kwa kupamba bustani, na wengine huenda nyikani kuing'oa mizima mizima ili waiuze. Mmea uliochukua miaka mingi kunenepa unaondoka siku moja, na mbegu zake pia zimeondoka!

Kumbe hakuna haja ya kung'oa. Baada ya maua hutokea maganda mawili yanayofanana na pembe. Yakipasuka, hutoa mbegu zenye manyoya ncha zote mbili, ambazo upepo huzisambaza. Okota chache, uziache nyingine. Zipande kwenye mkebe uliotobolewa chini, wenye mchanga mwingi, uweke juani na usimwagilie kupita kiasi, maana maji mengi huozesha mizizi. Mche wa mbegu hunenepa shina vizuri kuliko wa kukata tawi.

Wanachama wenzangu, tukianzisha kitalu kidogo hapa shuleni, tutakuwa na maua yetu, na yale ya Tharaka na Mbeere yatabaki kwao. Naweka kalamu chini.